Mint julep ya kutengeneza nyumbani Kisumu: shajara ya mnanaa, shira na barafu

Mwanzo wa Machi, mpango wenyewe

Nataka kufikia Jumamosi ya kwanza ya Mei niwe natengeneza mint julep inayoeleweka hapa kwangu Kisumu, na nikisema kutengeneza namaanisha mnanaa nimeupanda mimi, shira nimeipika mimi, barafu nimeiponda mimi, na kikombe ni cha chuma sio glasi ya kawaida. Bourbon pekee, ile wiski ya Kimarekani, ndio nitanunua. Kwanza kupika pombe kali nyumbani bila leseni ni kujitafutia kesi, halafu hata ungepewa hiyo leseni bado haingekuwa bourbon, sheria ya Marekani inataka bourbon iwe imetengenezwa Marekani, ukipika Nyalenda tafuta jina lingine.

Mbona Mei? Kwa sababu hiyo Jumamosi ndio Kentucky Derby, mbio za farasi za Churchill Downs kule Louisville, na mint julep ndio kinywaji rasmi cha hizo mbio tangu 1938. Wanauza karibu 120,000 kwa siku mbili. Mimi farasi sijui chochote bana, lakini nilipoanza kusoma nikakuta Derby ya kwanza kabisa, ya 1875, aliyeshinda alikuwa kijana mweusi anaitwa Oliver Lewis juu ya farasi Aristides, na kati ya wapanda farasi 15 wa siku hiyo 13 walikuwa weusi. Hapo ndio nikaamua sitaishia kusoma tu.

Kinywaji chenyewe kina vitu vinne basi: bourbon, sukari, mnanaa, barafu. Hakuna ndimu, hakuna soda. Ukiweka ndimu na soda na ramu hiyo sasa ni mojito, na watu wengi hapa mtaani wakisikia mnanaa kwa pombe wanafikiria mojito moja kwa moja. Shida ya vitu vinne ni kwamba kimoja kikiwa kibaya utakisikia mdomoni papo hapo, hakuna ndimu ya kukifunika.

Machi, mnanaa

Nimeanza na mnanaa kwa sababu ndio unachukua muda. Nikaenda soko la Kibuye Jumapili, kule kwa mama mboga wa viungo.

"Mathe, mnanaa uko?"

"Uko kastoma wangu. Unataka wa chai ama wa biriani?"

Nikasema wa biriani, akanipa fungu. Mwenye alikuja nyuma yangu akasema wa chai, akapewa kutoka rundo lile lile.

Lakini swali lake lina maana kuliko alivyojua, kwa sababu kuna mnanaa wa aina mbili watu wanachanganya sana. Julep inataka ule unaitwa spearmint, Mentha spicata, wenye harufu tamu tamu, sio peppermint ambayo imejaa menthol na inakuchoma pua kama dawa ya meno. Kutofautisha ni rahisi ukishika tawi: spearmint majani yake yamekaa karibu kabisa na shina, kikonyo ni kifupi sana au hakuna, peppermint jani lina kikonyo chake kinaonekana na shina mara nyingi lina rangi ya zambarau. Fungu langu lilikuwa spearmint, nikachagua matawi yenye afya, nikakata chini tu ya kile kifundo ambapo majani yanatokea, nikatoa majani ya chini, nikaweka kwa glasi ya maji dirishani bila jua kali. Mizizi inatokea kwenye hivyo vifundo, myeupe kama uzi, na ukishaiona imefika urefu wa kidole unahamisha kwa udongo.

Udongo niliweka kwa mtungi wa lita 20 uliokatwa katikati kwa urefu, na matundu chini. Usiupande ardhini hivi hivi kama unapenda sukuma zako. Mnanaa unatambaa chini kwa chini, unatoa vishina vya pembeni vinavyotia mizizi kila vinapogusa udongo, na kabla mvua ya masika iishe utakuta umechukua kitalu chote. Kwa mtungi unabaki pale pale. Nimeuweka upande wa mashariki wa nyumba upate jua la asubuhi, saa nane ya Kisumu iwe tayari ni kivuli, kwa sababu jua la mchana huku linakausha majani kingo mpaka yanakuwa kahawia.

Adui mkubwa mpaka sasa sio wadudu, ni kuku wa jirani. Mnanaa hawali, wanataka tu kuchakura ule udongo laini. Nimezungushia waya.

Machi bado, habari ya bourbon

Shemeji wangu wa Kakamega alipita jioni, akaona chupa mezani, akasoma nyuma, akasema, "Sasa shem, hii si chang'aa ya mahindi imevalishwa suti?"

Tukabishana mpaka chakula kikapoa. Ukweli ni kwamba hajakosea sana. Bourbon kisheria lazima angalau asilimia 51 ya nafaka iwe mahindi, na zinazobaki kwa kawaida ni shayiri iliyomea na rai (rye) au ngano. Ile shayiri iliyomea inafanya kazi ile ile ambayo kimera cha wimbi kinafanya kwa busaa ya kwao Kakamega, inavunja wanga wa mahindi kuwa sukari ndio hamira ipate kitu cha kula. Mpaka hapo mama mpika busaa wa Shinyalu na mzee wa Kentucky wanaelewana bila mkalimani. Wanapoachana ni baadaye: bourbon haikubaliwi kutoka kwa mtambo ikiwa zaidi ya asilimia 80 ya kileo, haiingii kwa pipa ikiwa zaidi ya 62.5, na pipa lenyewe lazima liwe jipya, la mti wa mwaloni, ndani limechomwa kwa moto mpaka likawa jeusi. Rangi yote ya bourbon inatoka kwa hilo pipa, hawaruhusiwi kuongeza rangi wala ladha. Ile vanila na karameli unasikia ni mti uliochomwa. Na ikiandikwa straight kwa chupa ujue imekaa kwa pipa si chini ya miaka miwili. Chang'aa inakaa kwa mtungi mpaka jioni ikibahatika.

Shemeji akasema basi tununue pipa. Hilo tumeliacha hapo.

Kwa kununua mambo ni mawili. Angalia stika ya ushuru ya KRA kwa kifuniko na uiskani na ile programu yao ya simu, Soma Label, chupa feki ziko na julep haiwezi kuficha pombe feki, wala usalama wako hauchezewi. La pili ni nguvu. Bourbon ya chini kabisa ni asilimia 40, kama Jim Beam nyeupe. Ziko za 45 kama Maker's Mark, ambayo inatumia ngano badala ya rai kwa hivyo ni laini kidogo, na Wild Turkey 101 ni 50.5. Kwa joto la Kisumu mimi niko upande wa 45 kwenda juu, kwa sababu barafu itayeyuka upende usipende, na ile ya 40 ikifika katikati ya kikombe inakuwa maji ya kuoshea kikombe. Jack Daniel's wengi wanaiita bourbon, wenyewe wanaiita Tennessee whiskey, inachujwa kwa makaa ya mti kabla ya pipa. Itafanya kazi ukiwa nayo. Sitaki vita.

Mwisho wa Machi, shira

Hii ilikuwa rahisi na ndio nilifurahia kuliko zote kwa sababu tunakaa kwenye miwa. Chemelil, Muhoroni, Kibos, ukitoka mjini kidogo tu matrekta ya miwa yanakupita, kwa hivyo sukari ya kahawia ya hapa sio kitu cha kutafuta, ndio ya kawaida.

Shira ni ile ile ya kaimati ila nyepesi: kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, pasha moto mpaka sukari ipotee, zima, usiache ichemke sana ikawa nzito. Mbona shira na sio sukari yenyewe? Kwa sababu sukari haitaki kuyeyuka kwa pombe baridi, itakaa chini ya kikombe na utainywa yote kwa mkupuo wa mwisho. Wale wa Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa wao wanaweka kijiko kimoja cha chai cha sukari ya unga na vijiko viwili vya maji, halafu bourbon mililita 60 na vitawi vinne vya mnanaa. Inafanya kazi pia ukiwa na subira ya kukoroga.

Nilijaribu tatu kwa mpigo, nyeupe, kahawia na sukari guru. Nyeupe inaacha bourbon iongee peke yake. Kahawia inaongeza kitu kidogo cha molasi, na hiyo inashikana vizuri na pipa lililochomwa, ndio nimechagua. Sukari guru nilikuwa na matumaini nayo sana, ile ya vibonge inauzwa sokoni, harufu yake peke yake ni kama jioni ya kijijini, lakini ndani ya kikombe ina chumvi chumvi na moshi na inaumeza mnanaa wote. Na lazima uichuje kwa kitambaa maana kuna nyuzi za miwa na vitu vingine sitauliza. Kwa chai ya tangawizi weka, kwa julep acha.

Mnanaa ndani ya shira: kuna wale wanachemsha pamoja. Ukichemsha harufu inayoruka ndio ile unaitaka, unabaki na ladha ya mboga iliyopikwa. Mimi nazima moto kwanza, nasubiri shira iwe ya kuguswa kwa kidole, ndio natumbukiza kiganja cha majani, nafunika nusu saa, nachuja. Inakaa kwa friji. Hii shira ni msaada tu, mnanaa mbichi kwa kikombe bado lazima.

Aprili, barafu, barafu, barafu

Sasa hapa ndio mradi uko. Nilidhani nitaandika shajara ya mnanaa na pombe, kumbe julep ni kinywaji cha barafu ambacho kimewekewa bourbon, na ukitengeneza Kisumu, mahali pa mita 1,130 hivi juu ya bahari kando ya ziwa na joto linapita nyuzi 30 mchana, utaelewa hilo haraka.

Hata historia yake ukiisoma ni historia ya barafu. Kuna Mwingereza mmoja, John Davis, aliandika mwaka 1803 kwamba watu wa Virginia wanakunywa pombe yenye mnanaa asubuhi asubuhi, na hapo haongelei barafu kabisa. Halafu mwaka 1806 tajiri mmoja wa Boston, Frederic Tudor, akaanza kupakia barafu kwa meli, inakatwa kwenye maziwa ya kaskazini wakati wa baridi, inapelekwa nchi za joto, na baadaye wakawa wanaifunga na vumbi la mbao isiyeyuke. Barafu ilipofika kusini mwa Marekani ndio julep ikawa julep. Na walioifanya iwe maarufu wengi walikuwa weusi: pale Richmond, Virginia, John Dabney, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa anatafutwa na matajiri kwa julep yake yenye barafu iliyorundikwa juu, waliiita ya mvua ya mawe. Wakati utumwa unaisha bado alikuwa anadaiwa pesa ya kujikomboa mwenyewe, deni ambalo kisheria hangelazimishwa tena kulilipa, na akalilipa. Mvua ya mawe watu wa Kericho na Nandi wanaijua, inawapiga majani chai kila mwaka. Hii ya kikombe haina hasara.

Na ile resipi ya Jerry Thomas ya 1862 haina bourbon hata, ni brandi ya Kifaransa, konyaki. Bourbon ilikuja kuchukua nafasi baadaye.

Turudi kwa friza yangu. Shida ya kwanza: mbuta. Friza ya nyumba ya Kisumu ina samaki, hiyo ni kama katiba, na barafu inavuta harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo. Vipande vya kwanza nilipovitoa vilikuwa vinang'aa vizuri, nikaweka kimoja mdomoni, nikasikia ufuo wote wa samaki wa Dunga. Dawa ni chombo chenye kifuniko kinachobana, natumia makopo ya aiskrimu yaliyooshwa na maji ya moto, yamekaa rafu ya juu, na samaki wamefungwa mara mbili chini. Maji nachemsha kwanza yaache ile harufu ya klorini, yakipoa ndio yanaingia. Na jamani, barafu ya kwenye ufuo wa samaki ni ya samaki. Kuna mtu aliniambia ni bei rahisi. Hapana.

Shida ya pili ni kuponda. Barafu ya julep inatakiwa iwe imepondwa laini, ukubwa wa punje ya mahindi kwenda chini, na iwe haina maji maji. Blenda inatoa uji na pia blenda ya hapa itakufa. Kule Marekani wanatumia mfuko wa turubai na nyundo ya mbao, kwa hivyo nikampelekea fundi wa nguo pale karibu na stendi kipande cha amerikani, ile nyeupe ngumu, anishonee mfuko wa mshono mara mbili. Akauliza ni wa kukamua tui? Nikamwambia ni wa kupiga barafu na mchi. Akashona bila swali lingine. Siri ya kitambaa ni kwamba kinanyonya maji yote yanayoyeyuka wakati unapiga, barafu inabaki kavu, ukiifungua inamwagika kama mchele. Ukitumia karatasi ya plastiki maji yanabaki ndani na barafu inaanza kuwa supu kabla haijafika kwa kikombe. Piga ikiwa imetoka friza sasa hivi, sio baada ya kukaa mezani ikitoa jasho.

Halafu stima. Aprili ni mvua, mvua ikija na upepo stima inapotea, na friza isiyo na stima ni kabati. Nilichofanya ni kutafuta vumbi la mbao kwa seremala, bure kabisa, nikalijaza kwa gunia, na yale makopo nayapanga ndani ya lile boksi la plastiki la kubebea soda baridi, boksi linaingia katikati ya gunia. Mbinu ya kina Tudor. Stima ilipotea usiku kucha, asubuhi makopo yalikuwa yamelegea pembeni tu, katikati bado jiwe.

Aprili katikati, kikombe

Kikombe cha julep kwa kawaida ni cha fedha au pyuta (mchanganyiko wa bati), hakina mkono, na sababu sio maringo peke yake. Fedha inapitisha joto kuliko chuma chochote, kwa hivyo baridi ya ndani inatoka nje haraka na kikombe kinaota barafu nyeupe kwa nje. Hiyo barafu ya nje ndio dalili kwamba umefanya sawa sawa.

Fedha sina. Nikaenda kwa fundi wa jua kali anayepiga sufuria.

"Fundi, unaweza kunitengenezea kikombe cha aluminiamu, hakina mkono?"

"Bila mkono utashikia wapi?"

"Nashika juu kwa ukingo, ama chini."

"Hiyo sasa ni kikombe ama ni kopo?"

"Sawa, ni kopo."

"Ungesema kopo mapema."

Aluminiamu inapitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, kwa hivyo kwa karatasi kopo la fundi lingeshinda ile bilauri ya stenlesi ya mia na kitu niliyopata duka la vyombo. Kwa meza haikuwa hivyo. Kopo la fundi ni nene, ni zito, linakula barafu nyingi kujipoza lenyewe kabla halijapoza kinywaji, bilauri ya stenlesi ni nyembamba na ikaota nyeupe kwanza. Nikayaweka yote mawili kwa friza kabla ya kutumia, na hapo mambo yakageuka, kopo nene likawa lina baridi yake lenyewe na inakaa muda mrefu kuliko ya stenlesi. Fundi ameniambia anaweza kulipunguza unene. Nitampelekea.

Kitu kimoja Kisumu inatusaidia: unyevu. Barafu ndani ya pombe na sukari inashuka chini ya sifuri, kwa sababu ile ile inayofanya barafu na chumvi kugandisha aiskrimu, basi kikombe nacho kinashuka chini ya sifuri, na hewa yetu ya Aprili imejaa maji. Kwanza unaona umande, halafu umande unaganda, unaanzia chini unapanda. Kausha kikombe vizuri kwa nje kwanza, zima feni, na usikishike katikati maana viganja vyako vitachora ramani ya Afrika hapo.

Aprili mwisho, kuunganisha

Baada ya majaribio kadhaa, na jirani mmoja amekuwa mpole sana kwangu siku hizi, hivi ndivyo nimekubaliana na nafsi yangu.

Majani manane au kumi ya mnanaa chini ya kikombe kilichotoka friza. Shira kijiko kimoja na nusu cha chai, ukipenda tamu weka viwili. Halafu unakandamiza majani na nyuma ya kijiko cha mbao, taratibu, unageuza, unakandamiza tena. Usiyatwange. Mafuta yenye harufu yako kwa vifuko vidogo juu ya ngozi ya jani na yanapasuka kwa kuguswa tu, ukitwanga mpaka jani likawa kijani kibichi limeraruka unatoa ule uchungu wa majani na vipande vitakufuata mpaka kwa meno. Shemeji anatwanga kama anatwanga kisamvu, nikampokonya kijiko.

Unaweka barafu nusu kikombe, unamwaga toti mbili za bourbon, mililita 60, unakoroga na kijiko kirefu mpaka kikombe kianze kuota nyeupe, unajaza barafu tena mpaka irundikane juu ya ukingo. Bourbon yenyewe mimi naiweka kwa friji ya kawaida, sio friza. Ikitoka friza inakuwa baridi sana haiyeyushi barafu ya kutosha mwanzoni, na julep bila yale maji kidogo inakuchoma koo. Ikiwa ya joto la sebuleni kwetu, kikombe kinakuwa maji kabla hujakaa chini.

Mwisho kitawi kikubwa cha mnanaa, unakipiga mara moja katikati ya viganja kiamke, unakichomeka kando ya mrija. Na mrija ni mfupi, hilo ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Sisi huku wazee wamezoea oseke, mrija mrefu wa kunywea pombe ya chungu kimoja ukiwa umekaa mbali kwa kiti chako. Huu ni kinyume kabisa, unakatwa uchomoze kidogo tu juu ya barafu ili kila ukivuta pua yako iwe imezama kwa mnanaa. Nusu ya ladha inaingilia puani. Kuna hadithi inasimuliwa kwamba Marvin Stone, Mmarekani aliyepata hataza ya mrija wa karatasi mwaka 1888, aliufikiria kwa sababu mrija wa bua la rai ulikuwa unamharibia julep yake kwa ladha ya nyasi. Kama ni kweli ama ni porojo ya baa, mrija wa karatasi unao, tumia.

Mei, usiku wa Derby

Mbio zinaanza karibu saa moja jioni ya kule, ambayo ni saa nane usiku kasoro dakika chache ya kuamkia Jumapili kwetu. Watu wangu walianza kufika saa nne. Nilikuwa nimeponda barafu ya mfuko mzima mapema na kuirudisha friza kwa kopo lililofungwa, ikashikana kidogo, gonga mara moja inaachana. Stima ilikaa. Yule wa bodaboda aliyeleta wenzake alipewa soda, na alinung'unika.

Mmoja alisema ni kali. Ni kali kweli, hii ni wiski na maji kidogo, unainywa polepole na inabadilika njiani, mwanzo inauma, katikati ndio utamu wake, mwisho ni maji matamu ya mnanaa. Anayeimaliza kwa mara moja hajainywa. Mwingine alitaka ndimu, akapewa ndimu pembeni kwa sahani aishike mkononi.

Farasi wenyewe wanakimbia kilomita mbili tu, dakika mbili hivi, rekodi ni ya Secretariat tangu 1973, chini ya dakika mbili kwa muda ambao haufiki hata sekunde moja kamili. Tulikuwa tumeweka dau la nani ataosha vyombo. Wakati tunabishana ni farasi gani wa nani, wamemaliza. Stenlesi zilikuwa bado nyeupe kwa nje.

Wiki iliyofuata

Mama yangu hagusi pombe na aliuliza kama yeye hana lake. Nimemtengenezea hivi: chai nyeusi ya Kericho iliyokolea sana, majani mara mbili ya kawaida, imepoa kabisa kwa friji, toti tatu badala ya bourbon, mengine yote yanabaki vile vile, shira ya kahawia, mnanaa uliokandamizwa, barafu mpaka juu. Chai ina ule ukavu kidogo wa ulimi ambao pombe ya pipa nayo inao, kwa hivyo haionekani ni maji ya sukari. Yeye ameongeza kipande cha tangawizi na sitamkataza.

Yanayobaki: kupeleka kopo kwa fundi apunguze unene, kubana vichwa vya mnanaa kabla haujatoa maua maana ukishachanua majani yanakuwa madogo na makali, na kugawanya mtungi mmoja uwe miwili, mizizi imeshaanza kuzunguka ukingo. Jirani mwenye kuku ameomba tawi. Atapewa akishajenga banda.